Maswali ya Wasomaji: Makosa kwenye ripoti ya mikopo, na namna ya kuyapinga

Barua kuhusu ripoti za mikopo zimetufikia nyingi, na karibu zote zimetoka kwa wasomaji wetu wanaoishi Marekani. Tumezijibu pamoja kwa sababu zote zinagusa jambo moja: faili lenye jina lako, linaloonyesha ulivyokopa na ulivyolipa, ndilo linaloamua nyumba, gari, akaunti ya benki na wakati mwingine hata kazi, na linaweza kuwa na kosa usilolijua mpaka siku unaponyimwa. Tume ya shirikisho inayosimamia biashara, FTC, ilitoa utafiti wake mwaka 2013 ikaonyesha kwamba karibu mtu mmoja kati ya watano alikuwa na kosa ambalo lilisahihishwa baada ya yeye kulipinga. Hakuna anayelirekebisha kwa niaba yako. Lazima ulione wewe mwenyewe kwanza.

Tovuti ya kweli ni ipi, na nikiipata ripoti nianzie wapi?

*Shikamooni. Nina miaka mitatu hapa Columbus, Ohio, na sijawahi kuiona ripoti yangu. Nikitafuta mtandaoni zinakuja tovuti nyingi, nyingine zinataka namba ya kadi kabla ya yote. Nifuate ipi?*

Marahaba. Tovuti iliyowekwa kwa mujibu wa sheria ya shirikisho ni moja tu: AnnualCreditReport.com. Hapo unapata ripoti za kampuni tatu kubwa zinazokusanya taarifa za mikopo, yaani Equifax, Experian na TransUnion, bila kulipa senti. Zamani ilikuwa mara moja kwa mwaka. Tangu 2023 kampuni zote tatu zimeruhusu kwa kudumu kuchukua ripoti ya bure mtandaoni kila wiki. Ukiombwa namba ya kadi ya benki, umeingia pengine. Andika anwani hiyo mwenyewe herufi kwa herufi, maana kuna tovuti zenye majina yanayofanana nayo.

Tovuti itakuuliza maswali ya kukutambua: uliwahi kuishi mtaa gani, ulikopa gari kwa nani, malipo ya mwezi yalikuwa kiasi gani. Usikisie. Jibu sahihi mara nyingine ni "hakuna hata moja kati ya haya", na mtu anayechagua jibu lolote ili asonge mbele ndiye anayefungiwa nje. Wageni hukwama hapa mara nyingi kwa sababu faili lao bado ni jembamba, mfumo hauna cha kuwauliza. Ukikwama, piga 1-877-322-8228, au chapisha fomu iliyo kwenye tovuti hiyo hiyo, uijaze na kuituma kwa posta: Annual Credit Report Request Service, P.O. Box 105281, Atlanta, GA 30348-5281. Wakipokea maombi wana siku 15 kukutumia ripoti. Chukua zote tatu, kwa sababu mkopeshaji halazimiki kupeleka taarifa kwa kampuni zote. Kosa linaweza kukaa kwenye moja tu. Na hifadhi kila ripoti kwenye kompyuta au simu kabla ya kufunga ukurasa.

Wengi hurukia ukurasa wa madeni. Sisi tunakushauri uanze na sehemu ya taarifa binafsi: majina, tarehe ya kuzaliwa, anwani za zamani, waajiri. Mtaa usiowahi kuishi au jina ambalo si lako ni ishara kwamba faili la mtu mwingine limeingia kwako. Swali linalofuata linaeleza hilo kwa kirefu.

Kisha pitia akaunti moja moja. Je, ni yangu? Imefunguliwa lini? Ipo wazi au imefungwa? Angalia jedwali la miezi, mahali palipoandikwa OK, 30, 60, 90. Namba hizo ni siku za kuchelewa, na malipo yaliyochelewa chini ya siku 30 kwa kawaida hayaandikwi kabisa. Kwa hiyo kama ulichelewa wiki moja ukatozwa faini, kisha ukakuta "30" kwenye mwezi ule, hilo ni kosa la kupinga. Angalia pia kikomo cha kadi. Kadi yenye kikomo cha dola 3,000 na deni la dola 270 inatumika kwa asilimia 9. Karani akiacha sifuri moja, kikomo kikasomeka dola 300, inaonekana umeitumia asilimia 90, na alama zako (credit score, ile namba ambayo wakopeshaji hukupimia) zinashuka bila wewe kukopa hata dola ya ziada.

Salio linalotofautiana kidogo na la leo si kosa. Wakopeshaji hupeleka taarifa takriban mara moja kwa mwezi, hivyo malipo ya juzi huenda hayajafika. Na kwenye orodha ya waliouliza kuhusu faili lako, usishtuke kuona benki tatu usizozijua ndani ya wiki uliyonunua gari: muuza magari hupeleka maombi yako kwa benki kadhaa. Maulizo ya namna hiyo hukaa miaka 2.

Madeni ya mtu mwingine yako kwenye faili langu

*Nilikuja Marekani kama mkimbizi, nikaandikiwa tarehe ya kuzaliwa 1 Januari. Jina langu ni la kawaida sana kwetu. Nimeomba mkopo wa gari nikaambiwa nina kadi mbili zisizolipwa huko Texas. Sijawahi kufika Texas. Je, nimeibiwa?*

Inawezekana umeibiwa, lakini kwa maelezo yako tunashuku zaidi kwamba faili lako limechanganywa na la mtu mwingine. Haya ni mambo mawili tofauti, na dawa zake ni tofauti.

Kampuni hizi hupokea taarifa za mamilioni ya watu kutoka kwa wakopeshaji, na mashine ndiyo inayoamua taarifa ipi iende kwenye faili lipi. Inalinganisha jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa na namba ya Social Security. Haidai kila kitu kilingane sawasawa, kwa sababu watu hukosea kuandika, huhama na hubadili majina. Ulegevu huo ndio unaotuumiza sisi. Majina kama Mohamed, Hassan, Amina au Juma yanabebwa na watu wengi sana. Watu wetu wengi waliopitia kambi wana tarehe hiyo moja, 1 Januari, kwa sababu ofisi ziliwajazia hivyo walipokosa cheti cha kuzaliwa. Halafu kuna mpangilio wa majina: jina lako, la baba, la babu. Fomu moja inaweka la babu kama jina la ukoo, nyingine inalitupa, ya tatu inaunganisha mawili. Watu wawili wenye jina moja na tarehe moja, namba zao zikikaribiana tarakimu kadhaa, kwa mashine wanaweza kuwa mtu mmoja.

Hatari hii si ya kufikirika. Mwaka 2011 Sergio Ramirez alikwenda kununua gari California, akakataliwa kwa sababu ripoti ya TransUnion ilisema jina lake linafanana na majina yaliyo kwenye orodha ya serikali ya watu wanaohusishwa na ugaidi na dawa za kulevya. Kampuni ililinganisha jina la kwanza na la mwisho, basi. Ilionekana watu 8,185 walikuwa wamewekewa alama ya namna hiyo, na shauri lao likafika Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2021 iliamua kwamba wale 1,853 ambao ripoti zao zilikuwa zimepelekwa kwa wafanyabiashara ndio waliokuwa na haki ya kudai fidia.

Sasa fanya hivi. Fungua taarifa binafsi kwenye kila ripoti, uandike kila jina, anwani na mwajiri asiye wako. Hizo ndizo kulabu zinazoshika madeni ya mwenzako. Ukifuta deni ukaacha kulabu, mwezi ujao deni linarudi. Kwa hiyo kwenye barua yako omba mambo matatu kwa pamoja: akaunti zile zifutwe, majina na anwani zile zifutwe, na mafaili mawili yatenganishwe, ukisema wazi kwamba taarifa zako zimechanganywa na za mtu mwingine. Ambatanisha nakala ya kadi ya Social Security, kitambulisho chenye picha, na bili ya maji au umeme yenye anwani yako. Kama una hati inayoonyesha tarehe uliyoingia nchini, na kadi ile ilifunguliwa kabla ya hapo, iweke juu kabisa. Ni ushahidi usiobishiwa.

Kuanzia leo chagua namna moja ya kuandika jina lako, ile iliyo kwenye kadi ya Social Security, uitumie kila mahali: benki, simu, pango, mwajiri. Baba na mtoto wenye jina moja ndani ya nyumba moja wasiache kuandika Sr. na Jr.

Usiseme umeibiwa kama huna dalili za wizi. Fomu ya wizi inajazwa kwa kiapo, na mtu wa Texas huenda hana kosa lolote. Naye pengine anahangaika na mkopo wako wewe.

Nimepinga, nikajibiwa "imethibitishwa"

*Nilibonyeza kitufe cha kupinga kwenye tovuti, nikachagua "si sahihi". Baada ya wiki mbili wakajibu kwamba taarifa imethibitishwa. Hawakunieleza lolote. Niache?*

Usiache, dada yetu. Ila usirudie vilevile, kwa sababu ukituma pingamizi lile lile bila kitu kipya wanaruhusiwa kulitupa kama lisilo na msingi.

Ni vizuri kujua kinachotokea nyuma ya kitufe. Kampuni ya taarifa ina siku 5 za kazi kumjulisha aliyeipelekea taarifa hiyo, yaani benki au mkusanya madeni. Kwa sehemu kubwa hufanya hivyo kupitia mfumo uitwao e-OSCAR, ambamo malalamiko yako yanageuzwa kuwa msimbo mfupi. Karani upande wa pili anaona msimbo, anafungua kompyuta yake, anakuta taarifa ile ile aliyoipeleka mwanzo, anajibu kwamba ni sahihi. Ukichagua "si sahihi" tu, ndicho kitu pekee kinachomfikia.

Kwa hiyo andika barua. Iandikwe kwa Kiingereza, iwe fupi, na kila kosa lielezwe peke yake. Umbo lake ni hili:

"Napinga akaunti yenye namba inayoishia 4417. Ripoti yenu ya tarehe 3 Machi inaonyesha nilichelewa siku 30 mwezi Novemba. Malipo yalitakiwa tarehe 2 Novemba, nikalipa dola 85 tarehe 14 Novemba, siku 12 baadaye. Nimeambatanisha taarifa ya benki na malipo nimeyazungushia duara. Naomba alama ya 30 ya mwezi huo iondolewe."

Ona kwamba haina hasira wala historia ya maisha. Ina namba, tarehe, kiasi, ushahidi na ombi moja. Weka pia jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, anwani, na nakala ya ukurasa wa ripoti wenye kosa. Peleka nakala, kamwe si hati halisi. Posta omba huduma ya Certified Mail yenye risiti ya kurudi, ili uwe na saini ya aliyepokea na tarehe. Anwani za mapingamizi ni Equifax, P.O. Box 740256, Atlanta, GA 30374, Experian, P.O. Box 4500, Allen, TX 75013, TransUnion, P.O. Box 2000, Chester, PA 19016. Kila kampuni yenye kosa ipate barua yake. Hazipelekeani mapingamizi.

Muda wao ni siku 30 tangu wapokee. Zinaweza kufika 45 ukipinga baada ya kuchukua ripoti yako ya bure ya mwaka, au ukiongeza ushahidi wakati uchunguzi unaendelea. Ndiyo maana tunasema weka kila kitu kwenye bahasha ya kwanza. Wakishindwa kuthibitisha ndani ya muda huo, sheria ya 1970, Fair Credit Reporting Act, inawataka wafute au wasahihishe. Jibu lazima likufikie kwa maandishi ndani ya siku 5 za kazi baada ya uchunguzi kwisha, pamoja na ripoti mpya kama kuna kilichobadilika.

Wakisema tena "imethibitishwa", omba kwa maandishi maelezo ya namna walivyochunguza: walimuuliza nani, na anwani yake. Wana siku 15 kukupa. Barua nyingine iende kwa benki au mkusanya madeni mwenyewe. Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawaambiwi. Ukilalamika kwa benki peke yake, bila kupitia kampuni ya taarifa, unapoteza haki ya kuishtaki benki hiyo kwa uchunguzi mbovu. Haki hiyo inaanza pale kampuni ya taarifa inapowapelekea pingamizi lako. Kwa hiyo anza na kampuni ya taarifa, au andika kote kuwili siku moja.

Baada ya hapo kuna CFPB, ofisi ya shirikisho inayolinda watumiaji wa huduma za fedha, kwenye consumerfinance.gov/complaint. Ukifika mbali zaidi kuna wakili. Ukishinda, mahakama humwamuru mshtakiwa alipe gharama za wakili wako, ndiyo sababu mawakili wengi wa kesi za namna hii hawaombi pesa mkononi. Muda wa kushtaki ni miaka 2 tangu ulipogundua kosa, na usipite miaka 5 tangu lilipotendeka. Unaweza pia kuweka maelezo yako ya maneno 100 kwenye faili, lakini usiyategemee: kompyuta inayotoa alama haiyasomi.

Likifutwa, usisahau kuomba kampuni iwapelekee sahihisho wote waliopata ripoti yako miezi 6 iliyopita, na miaka 2 kwa waajiri. Wanatakiwa kufanya hivyo ukiomba.

Deni la zamani limezaliwa upya

*Niliacha kulipa kadi moja mwaka 2019 nilipopoteza kazi. Sasa kampuni nisiyoijua inasema nina deni lililofunguliwa 2022. Miaka saba inaanza kuhesabiwa upya?*

Hapana. Miaka saba ni muda ambao deni lisilolipwa hukaa kwenye ripoti, na benki kuliuza deni kwa mkusanya madeni, kama kampuni hiyo usiyoijua, hakubadilishi umri wake. Kinachohesabiwa ni tarehe ulipochelewa kwa mara ya kwanza na hukulipa tena mpaka ukawa sawa, ambayo kwenye ripoti huandikwa "Date of First Delinquency". Kama malipo ya kwanza uliyokosa yalikuwa ya Aprili 2019, kampuni kubwa kwa kawaida huliondoa deni Aprili 2026. Sheria inahesabu miaka 7 baada ya siku 180 tangu tarehe hiyo, kwa hiyo mwisho kabisa ni Oktoba 2026. Hiyo 2022 ni tarehe ambayo mkusanya madeni alilinunua, na hairuhusiwi kutumika kama mwanzo. Ushahidi wako ni taarifa za zamani za kadi, au ripoti ya zamani inayoonyesha benki ya kwanza na mwezi ulioanza kuchelewa. Hapa ndipo ripoti uliyoihifadhi miaka mitatu nyuma inapokuwa dhahabu.

Angalia pia kama deni limehesabiwa mara mbili. Benki ya kwanza inaweza kubaki kwenye ripoti, lakini baada ya kuuza deni salio lake linapaswa kuwa sifuri. Zote mbili zikionyesha dola zilezile, pinga.

Tahadhari moja: kulipa kidogo hakuanzishi upya miaka 7 ya ripoti, lakini katika majimbo mengi kunaweza kuanzisha upya muda ambao mkusanya madeni anaweza kukushtaki mahakamani. Usitume hata dola 10 kwa simu kabla hujajua sheria ya jimbo lako.

Kama deni ni la hospitali, kampuni tatu kubwa zenyewe ziliamua mambo haya: lililolipwa linafutwa, lisilolipwa halionekani mpaka mwaka upite, na tangu Aprili 2023 lililokuwa chini ya dola 500 halipaswi kuwemo. Kanuni ya serikali iliyotaka kuyaondoa yote ilitenguliwa na mahakama ya shirikisho huko Texas mwaka 2025, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba yamefutwa yote.

Alama zangu ni nzuri, mbona nanyimwa?

*Alama zangu zimepita 720. Mwenye nyumba Louisville amenikataa, na benki nayo imekataa kunifungulia akaunti.*

Kwa sababu hawakusoma ripoti unayoisoma wewe. Zaidi ya zile tatu kuna kampuni nyingi zinazokusanya habari za aina moja tu. Benki huangalia ChexSystems au Early Warning Services, kuona kama uliwahi kuacha akaunti ikiwa na deni. Kampuni za bima huangalia ripoti ya C.L.U.E. ya LexisNexis, yenye madai ya gari na nyumba ya miaka 7. Waajiri na wakopeshaji huthibitisha kazi na mshahara kwa The Work Number. Kampuni za simu na umeme zina NCTUE. Wenye nyumba wana kampuni za kuchunguza wapangaji, na hizo ndizo zinazotutia wasiwasi kuliko zote, kwa kuwa nyingi zinalinganisha majina kwa ulegevu uliokithiri.

Huna haja ya kubahatisha ni ipi. Aliyekunyima kwa sababu ya ripoti analazimika kukupa taarifa yenye jina, anwani na simu ya kampuni iliyoitoa. Mwenye nyumba akikwambia tu "samahani, hukupita", mwombe taarifa hiyo kwa maandishi. Kisha una siku 60 kudai ripoti hiyo bure, na unaipinga kwa utaratibu ule ule.

Kwenye ripoti ya mpangaji tafuta kesi ya kuondolewa nyumbani ambayo imeandikwa bila matokeo. Mwenye nyumba alishtaki, ukalipa, kesi ikafutwa; ripoti inabeba mashtaka tu, haisemi yaliishaje. Nenda kwa karani wa mahakama ya kaunti, chukua nakala ya mwenendo wa kesi yenye uamuzi, uiambatanishe. Angalia pia kesi iliyorudiwa mara mbili au tatu, kwa sababu kila hatua ya kesi moja inaweza kuhesabiwa kama kesi mpya.

Kwa upande wa kazi una ulinzi mkubwa zaidi: mwajiri lazima akupe nakala ya ripoti kabla hajafikia uamuzi wa kukunyima, ili uwe na nafasi ya kujibu. Ukipata nakala hiyo, mpigie siku hiyo hiyo, umwambie kwamba umepinga na kosa ni lipi. Ukisubiri wiki moja, nafasi imeshapata mtu.

Nikiiangalia ripoti yangu, alama zitashuka?

Hazishuki, hata ukiiangalia kila wiki. Kinachoweza kuzipunguza ni maombi ya mkopo uliyoyafanya wewe. Na ripoti ya bure haina alama ndani yake. Ina taarifa ambazo alama hukokotolewa kutokana nazo.

Mtu amefungua kadi kwa jina langu

*Huu sasa ni wizi kweli. Kadi imefunguliwa mwezi uliopita na bidhaa zimepelekwa anwani nisiyoijua. Nifanye nini kwanza?*

Kwanza funga mlango. Fungia ripoti yako (kwa Kiingereza credit freeze) kwenye kila moja ya kampuni tatu, ili mkopeshaji mpya asiione. Tangu Septemba 2018 ni bure nchi nzima. Ukiomba mtandaoni au kwa simu wana siku moja ya kazi kuifungia, na ukitaka kuifungua kwa mkopo wako mwenyewe wana saa moja. Kuifungia lazima ukaombe kote kutatu. Alama ya tahadhari ya mwaka mmoja (fraud alert), inayomtaka mkopeshaji ahakikishe ni wewe kabla ya kukopesha, ni tofauti: ukiiomba kwa kampuni moja, yenyewe inawajulisha wenzake.

Pili, ingia IdentityTheft.gov ujaze taarifa ya wizi. Utapata hati yenye uzito wa kisheria. Ipeleke kwa kampuni za taarifa pamoja na kitambulisho na orodha ya akaunti zisizo zako, uombe zizuiwe. Hapa muda si siku 30. Ni siku 4 za kazi. Piga pia simu kitengo cha udanganyifu cha aliyetoa kadi ile, kadi ifungwe, na uombe barua inayosema deni si lako. Barua hiyo itunze miaka yote.

Watoto nao huibiwa, na mara nyingi hakuna anayejua mpaka wafike miaka 18. Mzazi anaweza kumfungia mtoto aliye chini ya miaka 16, kwa kutuma cheti cha kuzaliwa na kadi ya Social Security ya mtoto pamoja na kitambulisho chake mwenyewe.

Kampuni inadai itasafisha faili langu kwa dola 800

*Wanataka pesa kwanza, na wananishauri nitumie namba mpya yenye tarakimu tisa badala ya Social Security. Ni halali?*

Sheria ya shirikisho inawakataza kuchukua malipo kabla ya kumaliza kazi waliyoahidi, na inakupa siku 3 za kazi kuvunja mkataba bila gharama. Pia hakuna wanachoweza kufanya kisheria ambacho wewe huwezi kukifanya kwa barua na stempu. Taarifa mbaya iliyo ya kweli hawawezi kuiondoa kabla ya wakati wake.

Hiyo namba mpya ndugu yetu usiiguse. Wanaiita CPN, na mara nyingi ni namba ya Social Security ya mtoto, mzee au mfungwa. Kuiandika kwenye ombi la mkopo ni kutoa taarifa ya uongo, kosa la jinai la shirikisho, na kwa mtu ambaye bado hajapata uraia madhara yake yanaweza kwenda mbali kuliko deni lolote. Kama umeshawapa nakala za hati zako, fungia ripoti zako leo, kisha uwaripoti ReportFraud.ftc.gov.